Sponji Hunywa Maji

Cibalonza alileta mdudu ndani ya kiberiti,
mdudu wa kufungwa kwa uzi, ndoano tumboni,
mgongo wa povu jeusi, miguu ya mpira.
Daktari mmoja alipomaliza mkataba
alimwachia kisanduku kizima. Huyu ndiye wa mwisho,
wenzake wamebaki midomoni mwa samaki
pale ziwa linapochoka kuwa ziwa, likaanza kuitwa Ruzizi.
"Wewe fundi wa babushi," akasema, "nitengenezee kumbikumbi.
Jumapili sina zamu hospitali."

Nashona viatu Kadutu, kando ya ngazi za soko.
Sijawahi kushona kitu chenye mabawa.
Lakini povu nalijua. Si lile la sabuni,
nasema hili la kukatwa kwa wembe,
miaka kumi na minne linanukia vidoleni mwangu.
Nikamwambia: umbo ni kazi ndogo, kazi ni nyama yake.

Nikajaza beseni.

Kwanza lile jeupe la katoni ya televisheni.
Linaelea kwa majivuno,
ila kaza uzi kidogo tu, linalia kwiri,
linamwagika chembechembe kama mkate wa juzi.
Tupa.

Kisha mkeka wa chekechea, ule wa herufi za kuchomoa.
Mwanangu alikuwa amepoteza nusu ya alfabeti,
nikaiba K. Milimita nane: nene mno,
inaziba ncha ya ndoano, samaki anabusu na kwenda zake.
Nikaipasua katikati. Hapo sawa.
(Mtoto bado anaitafuta K. Nimenyamaza.)

Babushi sasa. Hapa nisikilize.
Usikate kisigino, kimekanyagwa
mpaka pumzi yake yote imetoka,
kimekuwa kigumu kama neno la mwenye nyumba.
Kata pale kwenye upinde wa unyayo,
ambapo mguu ulipita juu bila kugusa.
Pale hewa bado imo, imefungiwa vyumba vyumba,
kila chumba na mlango wake.
Minya, linarudi. Zamisha, linarudi.
Nyeusi chini, kwa macho ya samaki,
kipande cha njano mgongoni, kwa macho ya Cibalonza,
maana alfajiri mto una rangi ya chai ya rangi
na mtu hapati asichokiona.

Jumamosi jioni akaja na mfuko.
Ndani, koti la kuokolea maisha, la rangi ya machungwa,
mikanda mizuri, filimbi kifuani, hata maandishi.
"Hili lina povu jingi," akasema. "Kata unachotaka."

Nikalipasua ubavuni kwa wembe.
Nilichokiona nilikijua kabla ya kukigusa:
sponji ya godoro, ya manjano, laini kama shavu,
matundu yote wazi, nyumba isiyo na mlango hata mmoja.
Nikaweka kipande kwenye beseni.
Kilikaa juu kidogo, kama mtu anayefikiri,
kikanywa,
kikanywa,
kikashuka bila kelele hadi chini.

Sikuuliza nani alilivaa.
Yeye naye alikuwa anatazama beseni,
mkono wake umeshika ile filimbi.
Mtaa wa juu taxi-moto zilipiga honi, mama mmoja alinadi sambaza kavu.
"Kwa hiyo hili halifai," akasema.
"Halifai."
"Hata kwa kumbikumbi."
"Hata kwa kumbikumbi, dada."

Nilimfungia sita usiku ule kwa mwanga wa simu,
zote za babushi moja ya kushoto, namba arobaini na mbili.
Nikaitoa sponji majini, nikaikamua, nikaianika juu ya bati.

Jumatatu alipita mbio, bado na harufu ya dawa,
akaniachia mmoja mezani:
kichwa kimetafunwa, bawa limenyofoka, uzi nje kama utumbo.
Nikamtia kwenye beseni, kwa mazoea tu.
Alilala ubavu,
lakini juu.

Ile sponji bado iko kwenye bati.
Jua limeipiga siku tatu,
nikiiminya bado inatoa maji.