Kifundo cha Mguu

Oulu, saa nane ya usiku. Barafu imebana madirisha,
na Tuulikki Karppanen, mwalimu mstaafu wa hesabu,
anahesabu vigae vya dari kwa sauti,
anakosea, anaanza upya.
Shuka limelowa jasho. Mikono haitulii:
inakunja pindo, inakunjua, inakunja.

"Ni uzee," anasema bintiye, "umempanda kichwani."
Daktari wa jioni aliandika: *wasiwasi*.
Neno dogo, linafungua kila mlango
kama ufunguo malaya.

Mimi nilikuwa mgeni wa koti jeupe.
Nilichojua ni kidogo, nikaanzia chini.
Nikafunua blanketi, nikashika wayo,
nikausukuma juu ghafla, nikaushikilia.
Kifundo kikaitika:
tk, tk, tk, tk,
wala hakikuchoka. Nilihesabu kwa sauti hadi kumi na nne,
kisha nikaogopa, nikaacha.

Goti nililigusa tu kwa nyundo,
likaruka kama limetukanwa.
Mboni za macho pana, nyeusi tii.
Tumbo likiharisha tangu magharibi.
Joto thelathini na tisa na nusu.
Siku nzima mwili ulikuwa unasema,
sisi tunatafuta mkalimani.

"Lete mkoba wake."
Binti akaumimina kitandani:
miwani, glavu moja, peremende nyeusi za chumvi,
sertralini, ya tangu mumewe afariki,
tramadoli, ya Jumanne,
alipoteleza kituo cha basi akaumia nyonga,
na chupa ya kikohozi ya dukani
ambayo hakuna aliyeiuliza jina.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, tunaambiwa.
Hawa walikuwa watatu, na hawakupigana.
Walielewana.
Kila mmoja alifungulia serotonini,
hakuna aliyekumbuka kufunga.
Wangepigana, nisingeitwa.

Basi tukaacha. Ndiyo dawa ya kwanza: kuacha, zote tatu.
Nesi Pirkko akaleta diazepamu,
tukaipitisha mshipani polepole;
dripu, feni, vitambaa vya maji kwapani.
Mtu akaja na mikanda ya kumfunga. Nikaikataa:
anayeshindana na mkanda huzidi kuchemka.
Paracetamoli nayo nikairudisha kabatini,
moto huu uliwashwa na misuli,
ni misuli ya kubembelezwa.
Mwisho siproheptadini, kidonge cha watu wa mzio,
tukakisaga, kikapita mpira wa puani.

Mapigo mia na arobaini. Mia na thelathini na nane.
Pirkko akanywa kahawa amesimama.
Mia na kumi na mbili.

Saa mbili asubuhi, nje bado giza la Januari,
nikarudi kwenye wayo.
Tk. Tk.
Kimya.

"Mikono yako baridi, kijana," akasema Tuulikki.
Kisha, macho yamefumbwa:
"Usiku uliishia kumi na nne.
Kazi haiachwi katikati.
Mimi niliendelea."