Fundi wa Nyayo

Mke wa kwenye filamu ana uso wake
na machozi yake mwenyewe;
nyayo ni zangu.
Studio iko Riga, chini ya duka la vitasa,
nami nasimama gizani, macho kwenye picha,
nimevaa viatu vya kiume, namba arobaini na nne.
Vya Uldis. Hajawahi kuuliza vinakwenda wapi.

Mume anapoondoka kwenye theluji
nina mfuko wa ngozi, wanga wa viazi ndani;
naubinya, kwaru, kwaru,
na watu wataapa kwamba wamesikia Januari.
Sahani anayoivunja mke ni kigae cha bafu.
Busu ni mdomo wangu mgongoni mwa mkono wangu.
Kofi ni nyama, kilo moja na nusu, baridi,
na jioni naipika.
Uldis hula. Huongeza chumvi.

Gundars, mwongozaji, mwenye talaka mbili na skafu moja,
alisema, Dzidra, mlango huu hauna kitu.
Nikaufunga mara kumi na tisa.
Sasa una hasira, alisema, na huyu mtu
hasira zilimwisha zamani.
Mara ya ishirini niliufunga kama unavyofungwa kwetu:
kwa vidole viwili, taratibu,
kama mtu anayefunika kombe.
Miaka kumi na minne tumelifunika.
Mwanaharamu hakupita,
amepanga chumba cha nyuma.

Huo huo! alisema Gundars.

Kisha akataka ukimya.
Dakika mbili, ukimya wa watu waliochokana.
Rafu zangu zina mvua, zina farasi, zina mifupa (figili mbichi, ukiikunja),
ukimya huo sikuwa nao.
Nikabeba kinasa sauti hadi nyumbani,
nikakiweka juu ya kabati la vikombe.
Kikanasa friji, kijiko,
gazeti likigeuzwa,
na Uldis akivuta pumzi ndefu kama mwenye neno,
halafu akiiachia
bila neno.

Usiku wa uzinduzi tulikaa safu ya saba.
Watu walilia kwenye wanga wa viazi.
Ikaja meza ya jikoni: mwigizaji kafunga kinywa,
na kifuani mwake
ikapanda pumzi ya mume wangu.

Yule ni mimi, alisema Uldis.
Mama mmoja nyuma yetu akamwambia, shh.

Tulirudi kwa miguu. Theluji ya kweli
ilikuwa tope, chapwa chapwa,
ningeikataa studio.
Mlangoni nikamuuliza, ulitaka kusema nini?
Lini?
Dakika ya pili. Baada ya gazeti.

Alisimama, ufunguo mkononi,
viatu vyake vimelowa, vile vile.
Akavuta pumzi,
nami, kwa mazoea ya kazi,
nikaacha kupumua.