Mheshimiwa Ana Meno Mawili

Nyuma ya bili ya umeme nimepiga mstari wa kati:
kushoto nepi, kulia chakula.
Ni saa sita ya usiku. Theluji imeufunika mji wa Łódź.
Bogna yuko zamu, anapanga mikate kiwandani;
mimi napanga zloti mezani,
na hazipangiki.

Jagna ana miezi tisa na meno mawili,
na kwa meno hayo mawili anatutawala.

Jumatatu nilimpelekea karoti,
za ofa, chupa tatu kwa bei ya mbili.
Akaonja. Akanitazama
kama karani anayekurudishia fomu uliyoikosea,
kisha akanirudishia karoti zote
juu ya shati la kazi.
Jumanne boga. Akafumba mdomo, akageukia ukuta.
Jumatano njegere. Nikawa ndege, nikawa treni,
nikapanua kinywa changu kumwonyesha njia.
Njegere nikazila mwenyewe, nimesimama,
kwa kijiko cha plastiki chenye sungura,
maana zilikwisha lipiwa.

Akitakacho ni kimoja tu:
plamu na tufaha, chupa ndogo ya kifuniko cha dhahabu,
zloti tisa,
vijiko saba, basi, imekwisha.

Na nepi? Za mfuko wa kijani, zile rahisi,
zinavuja kabla ya alfajiri,
ukabadilisha nepi, na shuka, na nguo yake, na yako.
Haba na haba hujaza kibaba, nilifundishwa.
Hapa kwetu inajaza pipa la taka uani,
na jirani Wieczorek hulifunua kwa kidole kimoja
huku amebana pumzi.

Alhamisi mama mkwe akaja na bahasha ya kitambaa.
Halina hana maneno mengi. Akakunjua mezani
vitambaa ishirini na vinne, vyeupe, vyepesi kama utandu wa maziwa,
alivyovipangia foleni enzi za kadi za mgao,
mimba ya Bogna ikiwa ya miezi minane.
"Vilimtosha mama yake," akasema.
Nilicheka. Sitaficha, nilicheka.
Akanifundisha kukunja pembetatu,
pini hapa, kidole chako kiwe ndani, ukijichoma ujichome wewe.
Usiku wa kwanza nililowa mpaka magotini.
Usiku wa nne sikulowa.

Sasa vitambaa vinakauka juu ya radieta,
madirisha yanatoka jasho,
nyumba nzima inanuka sabuni ya mche.
Upande wa kushoto nimefuta pakiti tatu kati ya nne.
Nikaongeza maji. Nikaongeza sabuni.
Mikono ya Halina, iliyopasuka kwenye viungo,
sikuiandika.

Jumapili tulikula kwake: kiazi, siagi, majani ya shibiti.
Jagna pajani mwa bibi yake, anachezea kijiko.
Ghafla akanyoosha mkono kwenye sahani,
akaufumbata ule moto, akaupeleka kinywani.
Akatafuna kwa ufizi.
Akarudi kuchukua tena.
Bogna alinishika goti chini ya meza,
hakuna aliyethubutu kusema neno
tusije tukamkumbusha kukataa.

Jumatatu, mbio sokoni, kilo tano za viazi!
Nikachemsha, nikaponda, nikagandisha kwenye trei za barafu,
vipande arobaini na nane, kila kimoja senti chache.
Nilijiona waziri wa fedha.
Akaonja.
Ukutani.

Kiazi anakitaka, lakini cha sahani ya Halina,
kwa vidole vya Halina, kwenye kiti kile kinacholia.
Basi kila jioni nikitoka ghalani nambeba,
tunapanda tramu, vituo sita kwenda, sita kurudi.
Nauli nimeiandika. Nimeifuta.
Nimeiandika tena upande wa kulia, chini ya chakula,
kwa herufi ndogo.

Jana Halina alinisukumia sahani ya pili.
"Kaa na wewe," akasema, "umekonda."
Nikala yote, nikapangusa mchuzi kwa mkate.
Sasa nimeshika kalamu, saa saba inakaribia,
na hiyo sahani sijui
niiweke upande gani.