Hodi ya Tatu

Kintinku, saa nne. Upepo umeshaamka
na vumbi la Bahi linaingia hadi kwenye chai.
Mimi nashika rula. Yeye anachungulia darubini,
jicho moja amelifumba kama anayelenga digidigi.
Jina lake Nurettin; kambi nzima twamwita Nuru,
naye haitiki mpaka aitwe mara mbili.

Siku hiyo redio ya mpishi ilitaja Ulaya.
Akacheka puani.
Akaniuliza: kwenu mtu akibisha hodi, inakuwaje?
Nikamwambia: mara tatu. Asipopatikana wa kukukaribisha
unageuza miguu yako, huna neno na mtu.

"Mara tatu!" Akakaa juu ya taruma la zege,
akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye grisi.
Baba yake alibisha angali na masharubu meusi,
akatoka Sivas kwenda kukunja vyuma Ujerumani.
Wakaipokea mikono, mwenyewe wakamwacha barazani.
Yeye Nuru alibisha kwa honi:
usiku nchi yao ilipoandikwa kwenye orodha ya wanaosubiri
alizunguka mji na gari la kuazima hadi alfajiri.
Masharti yana sura thelathini na tano, akasema.
Imefungwa moja. Ya sayansi.
"Basi sayansi mmefaulu," nikasema.
Hakucheka.

Mama yake hakutaka tangu mwanzo:
mwenye nyumba anayekukagua kofia kabla ya salamu
hana chakula cha kukupa.
Kaka yake, muuza matofali, anapiga meza:
siku hizi tunawajengea watu reli, tuombe kwa nani?
Binti yake Defne, anayesomea meno, anataka.
Anataka leo, si kesho.
Ila baba mtu anamjua: muungano haumuumizi kichwa,
kinachomuuma ni viza. Amesimama foleni
na karatasi za benki za baba,
mshahara wa vumbi hili hili.
Watu wa takwimu walimpigia Nuru simu akiwa likizo:
ndiyo, hapana, sijui.
Kisanduku cha "nilitaka, nikachoka" hakikuwepo.

Nikamweleza nyumbani kwa bibi, kule Chikola,
mlango wa tembe ni mfupi;
aingiaye huinama, wala si aibu,
ndani kuna moto na mlenda.
"Kuinama tuliinama," akasema Nuru.
"Lakini kila tukiinama, wanashusha kizingiti."

Kisha akanigeukia.
Na ninyi, Nyemo, hii Jumuiya yenu?

Nikatazama Reli ya Kati, ile kongwe, nyembamba,
inavyolala kando ya hii mpya bila kusemeshana.
Nikamkumbuka mjomba Chiduo, siku nne Namanga
na lori la vitunguu, mpaka vikachipua ndani ya magunia.
Nikamkumbuka mama akipepeta uwele:
wenye sauti kubwa wataimeza ardhi, nanyi mtapiga makofi.
Na dada Sechelela, anayepeleka zabibu kavu Nairobi,
ukimgusia mipaka anakuuliza, ipi?

Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa.
Kijana wa dodoso, kalamu mbili mfukoni,
alinikuta njiani na ndoo kichwani:
shirikisho, unaliunga mkono?
Nikasema sijui,
maji yasimwagike.

Hapo ndipo Nuru alipocheka,
akacheka hadi akafuta macho kwa mkono wa shati,
akaacha mstari wa vumbi shavuni.
Halafu akanyamaza muda mrefu
kama mtu aliyesikia kitasa.

"Rula juu. Upepo umepungua."

Nikaisimamisha. Kipovu cha pimamaji
kikaenda kaskazini, kikarudi,
kikataka kukaa, kikaghairi.
Akaandika namba. Akaifuta.
"Tena," akasema.