Jiko la Maboksi

Ua wetu wa nyuma ni mita tatu kwa nne,
ukitoa mtungi wa gesi na mlimau wa marehemu mama mkwe,
ambao haukatwi. Hilo halijadiliwi.
Wilmar anataka jiko la nje kama la mjomba wake kule Tacuarembó:
tanuri, meza ya mawe, wavu wa kulaza nusu ng'ombe.
Namwambia, Wilmar, nusu ng'ombe akilala hapa Montevideo
sisi tutakula barabarani.

Nimechora ramani za bandari miaka thelathini na mmoja.
Najua meli ndefu inavyogeuzwa
pasipo na nafasi ya kugeukia.
Basi sikuanza na karatasi. Nilianza na chaki,
nikapiga magoti sakafuni, nikalichora jiko
kwa ukubwa wake halisi:
hapa moto, hapa maji, hapa pa kukatia,
mafiga yangu matatu,
na kati yao hatua mbili, zisizidi,
maana nyama ina subira, kitunguu hakina.

Kisha tukaenda kwa Nibia muuza viatu kuomba maboksi.
La mabuti likawa sinki.
La friji, tulilolilaza ubavu, likawa kaunta.
Dohani tukaisimamisha kwa fagio.
"Haya, pika," nikamwambia.

Akapika.
Akavuta makaa yasiyokuwapo kwa reki ya hewa,
akayatandaza chini ya wavu wa hewa,
akaonja, akakunja uso, akamsingizia mbwa chumvi.
Mimi juu ya ndoo, penseli sikioni, natazama.
Mkono wa kushoto haukupanda.
Tangu Juni, tangu ile asubuhi ya kikombe,
daktari anasema utarudi,
nao unarudi kama mdeni, kwa ahadi.
Uliinuka kuelekea kaunta, ukaishia njiani,
akajifanya anafukuza nzi.
Nzi hakuwapo. Ilikuwa Agosti, baridi ya kung'ata masikio.

Sikusema neno.
Nilitwaa kisu, nikalipunguza boksi la friji
sentimita kumi na tano, chini kote.
Kuni nikazihamishia kulia.
Gurudumu la kuinulia wavu, kulia.
Bomba nikaliandikia mpini mrefu,
wa kusukumwa kwa kiwiko, kama yale ya hospitali.
"Mbona kaunta imezama?"
"Upepo," nikasema. "Pampero ukija kwa hasira,
kitu kirefu kinamwaga majivu kwenye shuka za jirani Elida."

Tumeoana miaka arobaini na minne.
Anaujua upepo. Anajua pia
sauti yangu inavyokuwa nyembamba nikidanganya.
"Upepo, ndiyo," akasema.
Akaingia ndani, akarudi anakokota kiti,
akakiweka mbele ya kaunta, akaketi.
Magoti yakaenea. Kiwiko kikapata pa kulala.
Akakata kitunguu kisichokuwapo
polepole, kwa mkono mmoja, mpaka kikaisha,
nami, Mungu anisamehe, macho yakaniwasha.

Usiku mvua ikanyesha.
Asubuhi jiko letu lilikuwa uji wa karatasi,
fagio limelala kifudifudi,
chaki imekwenda zake na maji ya mfereji,
isipokuwa pale chini ya boksi la mabuti:
mstatili mweupe, mkavu, wa sinki.

Fundi Heber alifika saa nne na futi yake ya chuma,
akauangalia ua, akamwangalia mbwa, akauangalia mlimau
kwa jicho la msumeno.
"Huo hapana," tukasema wote wawili.
"Basi tuanzie wapi?"
Nikafunua mchoro. Wilmar hakuutazama.
Akanyoosha mguu, akaugusisha ule weupe kwa ncha ya kiatu.
"Hapo. Na ukuta huu usitobolewe
kabla sijakaa, nikaona
kofia yangu naifikia wapi."