Dohani

Kilianza Oktoba, siku tuliyowasha hita ya gesi
kwa kibiriti cha Nutsa, tukashangilia kama watoto.
Sikuunganisha. Nani huunganisha raha na maumivu
vikitokea wiki moja?

Nilikuwa naamka nimechoka
kama niliyebeba magunia usiku kucha,
na juu ya jicho la kushoto mtu asiye na haraka
anapigilia msumari, anapumzika,
anapigilia.

Nina miaka ishirini na mitatu.
Kuchoka kwa umri huu ni kama kudaiwa
mkopo ambao hukuuchukua.

Daktari wa ng'ambo ya mto Rioni
alinitoa damu, vichupa vitatu,
akasema madini ya chuma yako chini kidogo, si sana.
Muuza miwani akasema macho.
Nilinunua miwani, nikayaona maumivu vizuri zaidi.
Badri, bosi wangu pale tunapopokea simu
za abiria waliopotelewa na mizigo,
akasema kunywa maji, lala mapema,
kisha akanipangia zamu ya usiku.
Mama akapiga kutoka Oni: Huli wewe.
Shangazi Lamara akasema: Unampenda asiyekupenda.
Hilo lilikuwa kweli. Lakini Gocha aliondoka Mei,
na Mei kichwa kilikuwa bado changu.

Kila mtu alinipa ugonjwa aliokuwa nao nyumbani.
Nikapokea. Nikasema asante.

Nutsa yuko mwaka wa pili wa ufamasia.
Alibandika orodha kwenye mlango wa friji:
usingizi, maji, kahawa, tezi ya shingo,
skrini, damu, huzuni.
Tukawa tunafuta moja moja.
Huzuni hatukujua inafutwaje, tukaiacha.
Novemba naye akaanza kusinzia juu ya vitabu,
tukacheka: sasa ugonjwa wako unaambukiza!

Nikienda Oni Jumamosi, kichwa kilifunguka
kama dirisha. Nilidhani ni mkate wa mama.
Paka wa jirani, aliyezoea kulala jikoni kwetu,
aliacha kuja.
Tulidhani ametukasirikia.

Desemba Nutsa alianguka bafuni, bomba likiwa wazi.
Nilimburuta kwa kwapa hadi kibarazani,
mguu mmoja bado una sabuni,
na theluji ikamdondokea usoni mpaka akafumbua macho,
akaniuliza kama amechelewa darasa.

Mzimamoto aliyekuja hakuwa na maneno mengi.
Alishika kipande cha karatasi mbele ya tundu la dohani.
Karatasi haikuvutwa. Ilining'inia tu
kama ulimi.
Akavua glavu, akaingiza mkono hadi begani,
akatoa vijiti, sufi, tiketi ya basi,
manyoya, matope makavu,
na uzi mwekundu wa skafu yangu
niliyoitafuta tangu Machi.

Kunguru.
Wale wale tuliowamwagia makombo Aprili,
tukawapa na majina.
Walijenga, wakalea, wakaruka zao,
wakatuachia mlango uliozibwa kwa ndani,
na moshi usio na rangi wala harufu
ukarudi chumbani kila usiku
ukalala nasi kitanda kimoja.

Kikulacho ki nguoni mwako, hunenwa.
Changu kilijenga kwa nguo yenyewe.

Hita imebadilishwa. Mwenye nyumba amelipa nusu,
nusu nyingine tunaidai.
Ukutani kuna kidude cheupe chenye taa ya kijani
ambacho Nutsa hukiaga kabla ya kulala.
Paka amerudi.

Msumari umeng'oka. Uchovu umebaki kidogo,
wa Jumatatu, wa mizigo ya watu, wa Gocha.
Huu nimeukubali ukae.
Una harufu. Una rangi.
Najua ulipoingilia.