Nyuzi Kumi na Moja

Jumamosi, saa nne kasoro, maktaba ya Bilston.
Natoka zamu ya usiku, ghala la vifurushi,
miguu bado inahesabu maboksi.
Nafungua kopo lililokuwa la aiskrimu:
waya nyekundu, waya nyeusi, vijitaa kama punje za mtama,
na kompyuta sita, kila moja sawa na kadi ya benki,
uchi, hazina ganda, mifupa iko nje.

"Mbona hazina nguo?" Kieran huuliza kila wiki.
Kila wiki namjibu: ili uzione zikifikiri.

Vyeti vyangu vya ufundi havisomeki nchi hii.
Bisibisi inasomeka.

Harleen ana miaka tisa na hasira za mzee wa kodi.
Mashine imemkatalia.
"Ina kiburi," ananiambia.
Haina, Harleen. Ni tiifu kupita kiasi.
Usipoiambia iwashe,
itakaa gizani ikikungoja mpaka kiama.
Anashuka mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini,
kama bibi anayechambua mchele.
Mstari wa tisa: nukta mbili zimesahaulika.
Anaziweka. Tunangoja nukta mbili za saa,
na taa inawaka, inazima, inawaka,
na Harleen yuko juu ya kiti
na Bi Maureen, mkutubi, ghafla ana vitabu vya kupanga
upande ule mwingine.

Kieran ameunguza taa ya tatu.
Aliruka risista tena, ana haraka ya mwanga.
Harufu yake ni ya nywele na sukari.
Maiti anazitia mfukoni, hataki nizitupe.

Salha haulizi kitu.
Ana miaka kumi, anakaa ghorofa ya nane,
havui koti,
hukohoa kwa adabu ndani ya kiwiko.
Siku niliyoleta vihisi vya joto na unyevu
wenzake walivipulizia pumzi, wakacheka tarakimu zikipanda.
Yeye akanisogelea:
"Inaweza kukesha?"
Inaweza.
"Na kuandika inachokiona?"
Na kuandika.
"Na mtu mzima akisema inadanganya?"
Nikainama kutafuta bisibisi
iliyokuwa mkononi mwangu.

Akaibeba nyumbani ndani ya soksi.
Akaiweka juu ya kitanda chake, kando ya kuvu
iliyochora ukutani ramani ya nchi ambayo haipo.
Mama yake alishapiga simu mara nne.
Mwenye nyumba alimjibu: fungueni madirisha.
Mwezi wa Januari.

Wiki mbili, akarudi na karatasi tano, zimekunjwa ndogo.
Saa tisa usiku, unyevu themanini na sita kwa mia.
Saa tisa usiku, nyuzi kumi na moja.
Alisoma kama anayeita majina darasani.
Na mimi, niliyezaliwa ndani ya neno hilo,
ndiyo kwanza nikaona nyuzi kweli,
za kushonea,
kumi na moja tu,
hazitoshi kuziba tundu la soksi,
na mtoto amejifunika hizo.

Karatasi zimekwenda halmashauri. Zimepokewa,
barua inasema hivyo. Fundi hajaja.

Lakini Jumamosi iliyopita Salha aliongeza mistari mitatu
bila kuniuliza hata koma:
joto likishuka chini ya kumi na tatu, washa.
Kieran akatoa mfukoni taa nyekundu,
ile moja ambayo hajaiunguza,
akampa na risista yake juu,
akisema, "Usiruke hii."

Usiku huu basi langu linapita chini ya jengo lao.
Nafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti,
nahesabu kutoka chini: sita, saba, nane.
Taa yenyewe ni ndogo kuliko punda wa karanga.
Sijui kama naiona au naijua tu.

Nukta moja, nyekundu.
Haizimi.
Basi limeshakata kona, na bado nimegeuza shingo.